Familia ya alizeti (Asteraceae): sifa, istilahi na matumizi

Familia ya alizeti, ambayo kwa jina la kisayansi huitwa Asteraceae, ni kundi la mimea itoayo maua ambamo maua mengi madogo hukaa pamoja juu ya kitako kimoja hata yakaonekana kama ua moja. Ina zaidi ya jenasi 1,600, na spishi zake hukadiriwa kuwa kati ya 25,000 na 32,000 kadiri wataalamu wanavyozipanga. Pamoja na familia ya okidi, ni mojawapo ya familia mbili kubwa kuliko zote za mimea ya maua. Humea katika mabara yote isipokuwa Antaktika.

Afrika Mashariki imejaa mimea ya familia hii, ingawa si rahisi kuutambua udugu wake kwa kuitazama tu. Alizeti ya Singida na Dodoma ni ya familia hii, na pareto ya nyanda za juu za Kenya na Tanzania pia. Saladi, mboga ya mchunga, kishonanguo kinachong'ang'ania suruali za wapita njia, pakanga, dalia ya bustanini na gugu karoti wote ni wa ukoo mmoja. Hata mimea mikubwa yenye umbo la mti inayosimama katika baridi ya Mlima Kilimanjaro, iitwayo Dendrosenecio kilimanjari, ni ndugu wa alizeti.

Makala haya yanaeleza sifa kuu za familia hii na namna ya kuzitaja kwa Kiswahili sanifu. Yamekusudiwa mwanafunzi, mwalimu na mfasiri. Hoja yake kuu ni kwamba Kiswahili tayari kina nyenzo za kuieleza mimea hii kwa usahihi, katika ngeli zake, katika maumbo yake ya udogo na katika majina ambayo wakulima wameyatumia kwa muda mrefu. Makosa mengi hutokea pale mfasiri anapoziacha nyenzo hizo na kufuata umbo la neno la kigeni. Makosa hayo hayaishii kwenye karatasi, kwa kuwa wasomaji wa maandishi haya ni watu watakaotenda kwa kuyafuata: mkulima anayevuna, mfugaji anayeng'oa magugu, mgonjwa anayetafuta dawa.

Jina la familia

Jina Asteraceae limetokana na jenasi Aster, neno la Kigiriki lenye maana ya nyota, kwa sababu ya miale ya rangi inayozunguka kitovu cha kichwa. Lipo pia jina la zamani, Compositae, lililotolewa mwaka 1792 na Paul Dietrich Giseke, ambalo msingi wake ni neno la Kilatini lenye maana ya kuunganisha pamoja. Kanuni za kimataifa za kuipa mimea majina huyaruhusu yote mawili. Mfasiri anayekutana na Compositae katika kitabu kimoja na Asteraceae katika kingine asidhani kuwa ni familia mbili.

Kwa msomaji wa kawaida, jina linalofaa ni familia ya alizeti. Baadhi ya tafsiri huandika familia ya deizi kwa kufuata jina la ua dogo jeupe la mabustani ya Ulaya. Neno hilo halimpi msomaji wa Kiswahili picha yoyote, kwa kuwa ua lenyewe halijui, ilhali alizeti anaijua tangu utotoni. Zaidi ya hayo, kichwa cha alizeti ni kikubwa kiasi kwamba sifa za familia nzima zinaonekana juu yake bila msaada wa kioo cha kukuzia.

Katika ngazi za uainishaji, maneno yaliyozoeleka ni familia, jenasi na spishi. Neno aina lisitumike badala ya spishi katika matini ya kitaalamu, kwa maana wakulima hulitumia kwa mbegu zilizozalishwa ndani ya spishi moja. Mtu anaposema aina mbili za alizeti, aghalabu anazungumzia mbegu mbili za spishi ile ile. Jina la kisayansi halipewi viambishi vya ngeli. Ili kupata upatanisho usio na utata, litanguliwe na nomino ya Kiswahili: mmea wa Bidens pilosa unaota, spishi ya Bidens pilosa inaota. Jina la jenasi huanza kwa herufi kubwa, na la spishi kwa herufi ndogo.

Kichwa si ua

Sifa inayoitambulisha familia hii ni kichwa. Kile ambacho watu wengi hukiita ua la alizeti ni mkusanyiko wa maua mengi, na katika alizeti kubwa idadi yake hufika elfu moja hadi elfu mbili. Maua hayo hukaa juu ya kitako kipana, na kwa chini huzungukwa na brakti, yaani vijani vya kijani vilivyopangana kama kikombe. Kabla kichwa hakijafunguka, brakti hizo hukifunika na kukilinda.

Katika kichwa cha alizeti kuna maua madogo ya namna mbili. Yaliyo katikati yana umbo la neli nyembamba yenye ncha tano juu. Yaliyo pembeni yana umbo la ulimi wa njano, nayo ndiyo mtazamaji huyadhania kuwa petali. Kuthibitisha jambo hili ni rahisi. Chomoa ulimi mmoja wa njano polepole, kisha utazame sehemu ya chini ulipokuwa umeshikana na kitako. Utaona uvimbe mdogo, ambao ni ovari. Petali haina ovari. Ulichokichomoa ni ua zima, ambalo petali zake zimeungana zikawa ulimi mmoja.

Si kila mmea wa familia hii una namna zote mbili. Alizeti na pareto zina neli katikati na ndimi pembeni. Mchunga na saladi zina ndimi peke yake, na kila ulimi una meno madogo matano kwenye ncha, alama ya petali tano zilizoungana. Mimea ya jenasi Vernonia ina neli peke yake. Katika jenasi Echinops kila kichwa kina ua moja tu, kisha vichwa vingi hukusanyika na kuwa tufe. Mpangilio huu husaidia sana kuigawa familia katika makundi madogo.

Faida ya kichwa kwa mmea ni dhahiri. Ua moja lenye upana wa milimita chache haliwezi kumvuta nyuki kutoka mbali, lakini maua mia tano yaliyokaa pamoja huonekana kama bendera. Nyuki akishatua, huchavusha maua mengi bila kuruka tena. Maua ya ukingoni hufunguka kwanza na ya kitovuni mwishoni, hivyo kichwa kimoja huendelea kuwapokea wadudu kwa siku kadhaa. Katika alizeti, ndimi za pembeni hazizai mbegu kabisa. Kazi yake ni kuvutia tu.

Wakulima hawakuhitaji kufundishwa neno kichwa. Wao husema vichwa vya alizeti vimeinama, au vichwa vivunwe migongo yake ikishageuka rangi kuwa ya njano na kahawia. Usemi huo ni sahihi kwa sayansi na kwa lugha. Inashangaza, basi, kwamba baadhi ya vitabu huuacha na kuandika ua la alizeti lina petali za njano, sentensi ambayo mwanafunzi atalazimika kuifuta akilini mwake atakapofika darasa la juu. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna ubaya kusema ua la alizeti. Katika matini ya elimu, litumike neno kichwa, au kichwa cha maua pale ambapo msomaji anaweza kuchanganyikiwa.

Kijiua, kiua au kijua?

Baada ya kukubali kwamba kichwa kina maua mengi madogo, mwandishi anahitaji neno moja la kuyataja. Maua madogo ni maelezo sahihi lakini hayafai kila mahali, maana lipo pia ua dogo ambalo si sehemu ya kichwa. Kiswahili huunda nomino za udogo kwa kuzipeleka katika ngeli ya KI-VI, na hapa kuna maumbo matatu yanayowezekana.

La kwanza ni kiua, wingi viua. Umbo hili linagongana na kitenzi -ua, ambacho kimezaa istilahi nyingi za kilimo na tiba: kiuadudu, kiuagugu, kiuatilifu, kiuavijasumu. Katika familia ya alizeti mgongano huo si wa nadharia tu, kwa kuwa pareto ni mmea ambao kiuadudu hutengenezwa kutokana nao. Sentensi viua vya pareto hukaushwa kabla ya kusagwa inaweza kueleweka kuwa inahusu sumu yenyewe.

La pili ni kijua, kwa kufuata mfano wa mwiko na kijiko, au mwana na kijana. Umbo hili linagongana na udogo wa jua. Katika makala yanayozungumzia alizeti na jua, mgongano huo hauvumiliki.

La tatu ni kijiua, wingi vijiua. Umbo hili halina maana nyingine, hutamkika bila taabu, na msomaji hulielewa mara moja. Ndilo linalopendekezwa hapa: vijiua vya neli kwa vile vya katikati, na vijiua vya ulimi kwa vile vya pembeni. Upatanisho wake ni wa KI-VI: kijiua hiki kimefunguka, vijiua hivi vimefunguka.

Msomaji akumbuke vilevile kwamba neno ua lina maana zinazotenganishwa na ngeli peke yake. Ua hili, maua haya, ni ya mmea. Ua huu, nyua hizi, ni uwanja uliozungushiwa uzio. Sentensi ua limechanua na ua umefagiwa hazina utata kwa mtu anayezingatia upatanisho. Utata huingia pale mwandishi anapoacha viambishi au kuvichanganya.

Viungo vya kijiua

Kila kijiua kamili kina viungo vinavyopatikana katika ua la kawaida, ila vimebadilika. Petali tano zimeungana kuwa neli au ulimi. Stameni ni tano, na vifuko vyake vya chavua vimeshikamana vikafanya mrija. Ndani ya mrija huo hupita shingo ya pistili, ambayo inaporefuka huisukuma chavua juu na kuitoa nje, mithili ya fimbo inayosukuma unga ndani ya bomba. Baadaye ncha ya pistili hufunguka katika matawi mawili, tayari kupokea chavua kutoka kwenye kijiua kingine. Ovari iko chini ya petali na hubeba yai moja tu, ndiyo maana kila kijiua hutoa mbegu moja.

Hapa pana makosa mawili ya kujihadhari nayo. La kwanza ni kuiita shingo ya pistili mtindo. Neno la Kiingereza la kiungo hiki hutumika pia kwa maana ya mtindo wa mavazi au wa uandishi, na mfasiri anayetegemea kamusi ndogo, au programu ya kutafsiri, huandika mtindo wa ua bila kujua kwamba amepoteza maana. Katika madarasa ya tafsiri kosa hili hurudi kila mwaka.

La pili linahusu sepali. Katika familia ya alizeti sepali hazina umbo la vijani. Zimegeuka kuwa nywele, magamba au miiba midogo juu ya ovari. Jina la Kilatini la kiungo hiki, pappus, likitoholewa kwa pupa hutoa papasi, ambaye kwa Kiswahili ni mdudu afyonzaye damu. Neno linalofaa ni kishungi, ambalo tayari lina maana ya nywele au manyoya yaliyosimama pamoja juu ya kichwa. Kishungi cha mchunga ni cha nywele laini nyeupe zinazobebwa na upepo. Kishungi cha alizeti ni magamba mawili membamba yanayoanguka mapema. Kishungi cha kishonanguo ni miiba miwili au mitatu yenye vijimeno vilivyoelekea nyuma, na hicho ndicho kinachoshika nguo.

Tazama jinsi majina mawili yalivyoushughulikia mmea huu wa mwisho. Jina la kisayansi, Bidens, lina maana ya meno mawili: limetazama umbo. Jina la Kiswahili, kishonanguo, limetazama tendo: kitu kinachoshona nguo. Ni nomino ambatani iliyoundwa kwa kiambishi ki-, kitenzi shona na yambwa nguo, kama kifungua mimba au kifungua kinywa. Huandikwa neno moja au maneno mawili. Katika matini moja, mwandishi achague njia moja aifuate hadi mwisho.

Mbegu au tunda?

Kile tunachokiita mbegu ya alizeti ni tunda kavu lenye mbegu moja ndani. Ganda lenye mistari ni ukuta wa tunda. Kiini kinacholiwa au kukamuliwa mafuta ndicho mbegu. Swali la mfasiri ni lini alizingatie jambo hili.

Jibu linategemea msomaji. Katika mwongozo wa kilimo, mbegu ndilo neno sahihi, kwa sababu mkulima hupanda, hununua na huuza mbegu. Kumwambia apande matunda ya alizeti ni kumpotosha. Katika kitabu cha botania, aandike tunda kavu la mbegu moja, kisha aeleze kwamba katika lugha ya kila siku huitwa mbegu. Usahihi wa istilahi hupimwa kwa kazi ambayo matini inafanya.

Pareto hutoa mfano ambao tofauti hii ina thamani ya fedha. Mmea huu, Tanacetum cinerariifolium, asili yake ni pwani ya Balkani kwenye Bahari ya Adriatiki, nao hustawi nyanda za juu kwa sababu huhitaji baridi ili utoe maua vizuri. Mkulima huvuna vichwa, huvikausha, kisha huvipeleka kiwandani. Kemikali zinazoua wadudu, ziitwazo pairethrini, kwa sehemu kubwa hukaa ndani ya matunda madogo yaliyo chini ya vijiua, wala si katika ndimi nyeupe zinazopendeza macho. Kwa hiyo maagizo ya uvunaji yanayosema chuma petali za pareto ni kosa ambalo lingeiacha sehemu yenye thamani shambani. Maagizo sahihi ni chuma vichwa vya pareto, au, kama wakulima wasemavyo, maua ya pareto, mradi ieleweke kuwa ni kichwa kizima.

Uchungu na utomvu

Mimea mingi ya familia hii ina ladha chungu inayotokana na kemikali za kujilinda dhidi ya wadudu na wanyama. Katika kundi la saladi na mchunga, mmea ukikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Jina la jenasi ya saladi, Lactuca, limetokana na neno la Kilatini la maziwa kwa sababu hiyo hiyo. Sifa nyingine ya familia ni kuhifadhi chakula mizizini kwa umbo la inulini badala ya wanga.

Mchunga, Launaea cornuta, ni mboga inayojulikana sana pwani, na uchungu wake hupunguzwa kwa kuchemshwa na kupikwa kwa tui. Jina lake linahitaji uangalifu. Mchunga wa ngeli ya U-I, wingi michunga, ni mmea: mchunga huu umekomaa. Mchunga wa ngeli ya A-WA, wingi wachunga, ni mtu anayechunga, nalo hutumika pamoja na yambwa: mchunga mbuzi, mchunga ng'ombe. Programu za kutafsiri hukosea hapa mara kwa mara. Mwalimu anaweza kuutumia mfano huu kuonyesha kwamba maana ya sentensi za Kiswahili hubebwa na upatanisho kama inavyobebwa na maneno yenyewe.

Uchungu huo una historia katika mbuga zetu. Mwaka 1989 Michael Huffman na Mohamedi Seifu waliandika kuhusu sokwe mgonjwa wa Milima ya Mahale, magharibi mwa Tanzania, aliyeonekana akitafuna kiini cha shina la Vernonia amygdalina, mmea mchungu ambao Watongwe huuita mjonso na kuutumia kama dawa. Siku hizi mmea huo huwekwa katika jenasi nyingine, kwa jina la Gymnanthemum amygdalinum. Mfasiri akikutana na majina hayo mawili aelewe kuwa ni mmea mmoja.

Majina yanayoweza kumdhuru msomaji

Jina pakanga limeingia katika maandishi ya Kiswahili kwa njia ya Biblia, ambamo linatumika katika Ufunuo 8:11 kwa nyota iliyoyatia maji uchungu. Wafasiri walikuwa wakitafuta mmea wa jenasi Artemisia unaojulikana kwa uchungu wake, na katika muktadha huo chaguo lao linafaa. Tatizo limezuka katika matini za afya.

Dawa ya malaria iitwayo artemisinini hutolewa katika spishi moja ya jenasi hiyo, Artemisia annua, yenye asili ya Asia, ambayo imelimwa pia Kenya na Tanzania. Mwanasayansi Tu Youyou wa China alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015 kwa kazi yake juu ya dawa hiyo. Dawa mseto zinazotolewa hospitalini zina kemikali iliyotengenezwa kutokana na artemisinini, kwa kipimo maalumu na pamoja na dawa ya pili. Mfasiri anayeandika malaria hutibiwa kwa pakanga amefanya makosa mawili kwa mpigo: ameifanya jenasi nzima kuwa spishi moja, na ameufanya mmea kuwa dawa. Mzazi atakayeisoma sentensi hiyo anaweza kumchemshia mtoto majani badala ya kumpeleka kituo cha afya. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba halikubali matumizi ya majani au chai ya artemisia kwa kutibu au kuzuia malaria. Kwa hiyo iandikwe artemisinini panapohusu kemikali, dawa mseto panapohusu dawa, Artemisia annua panapohusu mmea huo, na pakanga libaki katika muktadha wa jumla na wa fasihi.

Gugu karoti ni mfano mwingine. Mmea huu, Parthenium hysterophorus, ulitoka katika Amerika ya kitropiki na sasa umeenea katika sehemu za Kenya, Ethiopia na kaskazini mwa Tanzania. Jina lake ni zuri, kwa kuwa humsaidia mfugaji kuutambua kwa majani yake yaliyokatikakatika kama ya karoti. Lakini karoti ni ya familia nyingine kabisa, na jina hili ni tashbihi tu, halionyeshi ukoo. Mtu asiandike gugu karoti ni aina ya karoti, wala asiligeuze kuwa karoti mwitu, kwa kuwa mzizi wake hauliwi na mmea wenyewe una madhara. Kuugusa mara kwa mara huweza kuleta mzio wa ngozi, chavua yake huweza kuchochea pumu, na mifugo ikiula, maziwa na nyama hubadilika ladha. Tangazo la kuung'oa litaje jina gugu karoti, lieleze majani na vichwa vyake vidogo vyeupe, na lionye watu wasiung'oe kwa mikono mitupu.

Alizeti na jua

Jina la kisayansi la alizeti, Helianthus annuus, limeundwa kwa maneno ya Kigiriki ya jua na ua. Jina la Kiswahili halitaji jua. Sauti zake zinakaribiana na zayt, neno la Kiarabu la mafuta. Jina moja hukumbusha sura ya mmea, na jingine zao lake. Alizeti huingia katika ngeli ya I-ZI: alizeti hii imekauka, alizeti hizi zimekauka. Pale ambapo mwandishi anataka kutenganisha mmea na zao, umbo mwalizeti, wingi mializeti, linafuata kanuni ile ile ya karafuu na mkarafuu.

Waandishi hupenda kusema kwamba alizeti hulifuata jua. Kauli hii ni kweli kwa mmea mchanga, ambao hugeuka kutoka mashariki hadi magharibi mchana na kurudi mashariki usiku. Kichwa kikishakomaa, mgeuko hukoma na kichwa hubaki kimeelekea mashariki. Huko hupata joto mapema asubuhi, na nyuki hukijia zaidi. Mwalimu anayetumia tashbihi ya alizeti kumsifu mtu mzima asiyeyumba ana haki ya kufanya hivyo, mradi ajue kwamba anazungumzia alizeti iliyokomaa.

Muhtasari wa matumizi

Familia ya alizeti: jina la kawaida la Asteraceae, Compositae ni jina la pili la familia hiyo hiyo.

Kichwa (KI-VI): mkusanyiko wa maua juu ya kitako kimoja. Kisichanganywe na ua katika matini ya elimu.

Kijiua (KI-VI): ua moja ndani ya kichwa, cha neli au cha ulimi. Yaepukwe maumbo kiua na kijua.

Brakti (I-ZI): kijani kilicho chini ya kichwa. Si sepali.

Kishungi (KI-VI): nywele, magamba au miiba juu ya ovari. Lisitumike neno papasi.

Shingo ya pistili: kiungo kinachobeba ncha inayopokea chavua. Lisitumike neno mtindo.

Mbegu: hutumika katika kilimo na biashara, katika botania, tunda kavu la mbegu moja.

Mchunga: mmea katika U-I, mtu katika A-WA.

Pakanga: jina la jumla la mimea ya Artemisia yenye uchungu, si jina la dawa ya malaria.

Gugu karoti: Parthenium hysterophorus, si karoti, na halina udugu nayo.